Na Shaka Tunaye: Kwa Nini "Airplane!" Haizeeki

Ndege inashuka gizani. Usukani umeshikwa na Ted Striker, rubani wa zamani wa vita ambaye tangu vita iishe hajathubutu kurusha ndege tena. Jasho halimtoki kwa matone, linammwagika usoni kama mtu aliyesimama chini ya bomba. Kiti cha pili amekaa Elaine, mhudumu wa ndege na mpenzi wake wa zamani. Nyuma yao abiria wamejikunja kwa sumu ya samaki. Mlango wa chumba cha marubani unafunguliwa, Dakta Rumack anaingiza kichwa. Kwa sauti nzito ya tabibu anayejua uzito wa saa ile, anawatakia wote wawili kila la heri na kuwaambia kwamba watu wote wanawategemea. Anafunga mlango.

Baada ya muda anarudi. Maneno ni yaleyale.

Mara ya tatu anapofungua mlango, ndege imeshatua. Imesimama. Anawatakia kila la heri na kuwaambia kwamba watu wote wanawategemea, kwa sauti ileile na uso uleule.

Swali lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa ni hili: kwa nini mara hiyo ya tatu humvunja mbavu hata kijana aliyezaliwa juzi, ambaye hajaona hata filamu moja kati ya zile ambazo "Airplane!" ilitengenezwa mwaka 1980 ili kuzikejeli?

## Ng'ombe amekufa, kupe yu hai

Filamu ya kejeli huishi juu ya mgongo wa filamu nyingine. Ni kama kupe na ng'ombe: ng'ombe akifa, kupe naye hana pa kunyonya. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ng'ombe wa "Airplane!" alikuwa mkubwa sana. Miaka ya 1970 Hollywood ilipenda kuwafungia mastaa ndani ya chombo kimoja na kukitia msukosuko. "Airport" ilitoka mwaka 1970, zikafuata nyingine tatu za ukoo huohuo hadi mwaka 1979. Leo hao wote ni wa kutafutwa. Watu wanaocheka na Dakta Rumack hawazijui, wala hawajihisi kupungukiwa na kitu.

Tuchukue tukio moja tulipasue.

Ndani ya ndege kuna binti mgonjwa, amelala na dripu mkononi, anapelekwa kufanyiwa upasuaji. Mhudumu anaazima gita kwa mtawa na kuanza kumwimbia ili kumpa moyo. Abiria wanamtazama kwa huruma. Kila anapoyumba na wimbo, shingo ya gita inaugonga mrija wa dripu, mrija unachomoka, na binti anatapatapa huku mama yake akiwa ameshikwa na utamu wa wimbo. Mhudumu haoni kitu. Anazidi kuimba.

Tukio hilo limetoka moja kwa moja katika "Airport 1975", filamu ya mwaka 1974, ambamo mtawa anamwimbia binti mgonjwa kwa gita na kila mtu anaguswa. Aliyeiona anacheka mara mbili. Asiyeiona anacheka mara moja, kwa sababu ya gita, mrija na uso wa yule binti.

Kichekesho hicho ni nyumba ya orofa mbili. Ya juu imejengwa kwa kumbukumbu na ya chini kwa vitu vinavyoonekana. Kumbukumbu ikifutika orofa ya juu inaanguka, lakini watu wa chini wanaendelea kukaa.

Vipo vichekesho vya filamu hii vilivyojengwa orofa ya juu tu, na hivyo vimekufa kabisa. Kuna mwanajeshi wodini anayeamini kwamba yeye ni Ethel Merman, na anayemwigiza ni Ethel Merman mwenyewe, mwimbaji maarufu wa majukwaa ya Broadway. Asiyemjua Merman anaona mwanamke anaimba kitandani, basi. Kuna mke anayejisemea moyoni kwamba mumewe hajawahi kuomba kikombe cha pili cha kahawa nyumbani. Hayo ni maneno ya tangazo la televisheni la enzi hizo, na aliyatamka mwigizaji huyohuyo aliyekuwa kwenye tangazo lenyewe. Mwaka 1980 ukumbi ulilipuka. Leo pale ni kimya.

Ukimya huo ndio ulionifikirisha zaidi, kwa sababu baada yake filamu haitetereki. Filamu nyingine za kejeli, kichekesho kimoja kikifa, mtazamaji anaanza kuangalia simu yake. Hii inapita juu ya maiti zake na kuendelea.

Inaendeshwa na nini?

## Mifupa ya mwaka 1957

Jim Abrahams na ndugu wawili, David na Jerry Zucker, walioiandika na kuiongoza "Airplane!", walianzia kwenye kikundi cha maigizo ya jukwaani huko Madison, Wisconsin, kilichoitwa Kentucky Fried Theater. Kazi yao ilihitaji matangazo ya biashara ya kuyachezea, kwa hiyo waliiacha mashine ya kurekodi ikinasa televisheni usiku kucha na asubuhi wakachambua yaliyomo. Asubuhi moja, katikati ya matangazo, wakakuta filamu nzima iliyokuwa imenaswa bila kukusudiwa. Iliitwa "Zero Hour!", ya mwaka 1957.

Waliposimama kuitazama, wakaona jambo ambalo wengi wangelipita. Filamu ile haikuwa mbaya. Ilikuwa imejengwa vizuri mno.

Kuna rubani wa zamani wa vita mwenye kidonda cha moyo, anaitwa Ted Stryker. Mwanamke wake anamwacha, naye anapanda ndege kumfuata. Chakula cha jioni ni nyama au samaki, na samaki ana sumu. Marubani wamekula samaki. Daktari aliyemo ndani anatangaza kwamba maisha ya wote yanategemea kumpata mtu mmoja anayeweza kurusha ndege na ambaye pia hakula samaki. Chini, mkongwe mwenye ugomvi wa zamani na Ted anaitwa amwelekeze kwa redio hadi atue. Saa zinakimbia, maana wagonjwa wasipofika hospitali mapema watakufa.

Hakuna hata kipande kimoja cha mzaha hapo. Na hiyo ndiyo hadithi ya "Airplane!", hatua kwa hatua.

Walinunua haki za "Zero Hour!" na kuichukua mifupa yote. Ted Stryker akawa Ted Striker. Alama ya mshangao katika jina ikabaki. Ile sentensi ya daktari kuhusu samaki imehamishwa karibu neno kwa neno, na ukumbi unacheka. Hata lalamiko la msimamizi wa kule mnarani kwamba amechagua wiki mbaya ya kuacha sigara limetoka kwenye filamu ya 1957, likiwa halina utani wowote. Walichofanya ni kuongeza ngazi: baadaye anasema amechagua wiki mbaya ya kuacha pombe, kisha vidonge vya kuchangamsha, kisha kunusa gundi. Katika "Zero Hour!" kapteni wa ndege aliigizwa na Elroy Hirsch, mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani. Ndiyo maana katika "Airplane!" rubani msaidizi ni Kareem Abdul-Jabbar wa mpira wa kikapu, anayesisitiza kwamba yeye si Kareem ila ni Roger Murdock, hadi mtoto anapomwambia kwamba baba yake anamwona mvivu wa kulinda goli. Hapo siri inamtoka kwa hasira.

Ukitaka kujifunza ufundi huu, anza hapo kwenye mifupa kabla hujagusa kichekesho chochote. Andika hadithi yako kwenye karatasi moja na ufute kila kitu cha kuchekesha. Kisha jiulize mambo matatu. Je, kuna saa inayokimbia? Je, kuna mtu anayeogopa jambo moja tu, na ndilo hilo analolazimika kulifanya? Je, kuna mlango wa kutokea? Katika ndege iliyo angani hakuna mlango wa kutokea. Majibu yakikosekana, vichekesho vyako vitakuwa shanga zisizo na uzi.

Nimeyasoma maelezo ya watatu hawa kuhusu mswada wao wa kwanza na kuona kwamba wao wenyewe walikaribia kukosea. Mwanzoni walipanga kuweka matangazo ya biashara ya kejeli katikati ya safari, kama filamu ya televisheni ya usiku. Kisha wakayatoa yote. Nadhani huo ndio uamuzi uliookoa kazi nzima. Kila tangazo lingekata uzi, na kila mara uzi unapokatwa mtazamaji anaacha kujali kama ndege itatua.

Na lazima ajali. Mtu anayecheka anataka bado kujua mwisho.

## Uso mkavu

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi kuutetea mbele ya wenye fedha. Studio ya Paramount ilitaka wachekeshaji. Waongozaji wakataka watu ambao hawakujulikana kwa kuchekesha.

Peter Graves alijulikana kwa tamthilia ya upelelezi "Mission: Impossible". Robert Stack alikuwa askari mkali wa "The Untouchables". Lloyd Bridges alikuwa mzamiaji wa "Sea Hunt". Leslie Nielsen, aliyeigiza Dakta Rumack na ambaye leo jina lake likitajwa watu wanatabasamu, wakati ule alikuwa mwigizaji wa sura nzito, na mwaka 1972 alikuwa kapteni wa meli inayopinduka katika "The Poseidon Adventure". Graves aliposoma mswada kwa mara ya kwanza aliuona hauna adabu na alisita kuupokea. Ilibidi aelezwe kwamba kazi yake ni kucheza vilevile alivyokuwa akicheza miaka yote.

Kanuni ilikuwa moja: mtu yeyote asionyeshe kwamba anajua yumo ndani ya kichekesho.

Uso mkavu una kazi yake, na kazi hiyo inaeleweka ukijaribu kinyume chake. Mchekeshaji akitoa neno lake kisha akapanua macho, amemwambia mtazamaji, "Hapo ndipo pa kucheka." Mtazamaji anakuwa mpokeaji wa amri. Lakini daktari akisema upuuzi kwa uzito uleule wa kutangaza kifo, mtazamaji analazimika kuugundua upuuzi huo peke yake, na anacheka kwa furaha ya kugundua. Furaha hiyo haitegemei mwaka wala nchi. Ndiyo maana Rumack mlangoni, mara ya tatu, anafanya kazi: yeye hajui kwamba ndege imetua. Sisi tunajua.

Uzito huo ulikwenda hadi kwenye muziki. Walimchukua Elmer Bernstein, mtunzi wa muziki wa "The Ten Commandments" na "The Magnificent Seven", wakamwomba apige kana kwamba filamu hii ni tamthilia halisi ya huzuni, na iliyozidishwa chumvi kidogo. Ukifumba macho ukasikiliza ngoma na fidla zake wakati ndege inashuka, moyo unakwenda mbio kweli.

Kuhusu ndege yenyewe kulikuwa na mvutano. Waongozaji walitaka ndege ya pangaboi, kama ya 1957. Studio ikasema watazamaji wa leo wanataka jeti. Wakakubali jeti, lakini sauti wakaweka ya pangaboi. Katika filamu nzima jeti kubwa inapita mawinguni ikinguruma kama ndege ya zamani, na hakuna mtu ndani yake anayelitaja jambo hilo. Sauti hiyo ni kichekesho kimoja kinachodumu kwa karibu dakika 88, bila neno.

Gharama yote ilikuwa kama dola milioni 3.5. Marekani na Kanada pekee iliingiza zaidi ya dola milioni 83.

## Mbele na nyuma

Watatu hawa walijiwekea kanuni zao. Moja nadhani inafaa kubandikwa ukutani kwa kila anayetengeneza vichekesho, hata vya dakika moja vya simu: vichekesho viwili vya wakati mmoja huuana. Kama aliye mbele anachekesha, nyuma yake pawe patulivu. Kama nyuma kuna kituko, aliye mbele awe makini kama hakimu.

Angalia simu inayopigwa Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Minnesota. Daktari anazungumza kwa umakini mkubwa. Nyuma yake rafu zimejaa chupa za mayonezi kutoka chini hadi juu. Hageuki kuziangalia, kamera haizisogelei, na mazungumzo hayapunguzi kasi. Wapo walioiona filamu mara tano bila kuziona chupa hizo, na mara ya sita wanajihisi wameokota kitu.

Wanaoiga hukosea papo hapo. Wanaweka chupa, kisha wanasogeza kamera kwenye chupa, kisha mwigizaji anaitazama chupa. Kichekesho kimoja kimepigiwa kengele mara tatu, na mtu hawezi kukirudia, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuokotwa.

Kosa jingine ni la muda. Baada ya neno la kuchekesha, mwigizaji wa jukwaani husubiri kicheko kipite. Filamu hii haisubiri. Neno linalofuata linaingia juu ya kicheko, na mara nyingi ni neno la hadithi tu: mwinuko, mafuta, hali ya hewa. Anayecheka sana anapitwa na kitu, na anayepitwa anarudi kuangalia tena.

Mfano bora wa kupandisha ngazi ni ule wa abiria mwanamke anayepatwa na kiwewe. Mhudumu anamtikisa ili atulie. Mtu mwingine anamwomba mhudumu ampishe, anamtikisa mwanamke yule na kumpiga kofi. Daktari anamwondoa huyo, naye anapiga. Kisha kamera inarudi nyuma na kuonyesha foleni ndefu ya abiria wanaosubiri zamu yao, mmoja na glavu za ndondi, mwingine na spana, mwingine na bastola. Zipo hatua tatu za kawaida kabla ya foleni. Ukianza na foleni, umebaki na picha ya ajabu tu. Ukiweka hatua sita, watu wameshachoka kabla hawajafika. Tatu zinatosha kumfanya mtazamaji aamini kwamba ameshaujua mchezo, na hapo ndipo unapomgeuzia.

## Hospitali? Ni nini?

Kipimo cha kweli cha kichekesho ni kukivusha mpaka wa lugha, basi na tujaribu.

Elaine anauliza kuhusu hali, na daktari anasema lazima wagonjwa wafikishwe hospitali. Kwa Kiswahili:

"Lazima tuwafikishe hospitali."

"Hospitali? Ni nini?"

"Ni jengo kubwa lenye wagonjwa, lakini hilo si muhimu kwa sasa."

Kimevuka bila hata kulowa miguu. "Ni nini?" yetu inabeba maana zote mbili, ya kuuliza kuna shida gani na ya kuuliza kitu hicho ni kitu gani. Mtafsiri akiwa na haraka ataandika "Kuna nini?", na hapo atakuwa amekiua. Neno moja ndilo tofauti.

Ted naye anasimulia kwamba baada ya vita alipata tatizo la kunywa. Anachukua glasi, anaiinua na kujimwagia kinywaji usoni. Tatizo lake ni kwamba hapati mdomo. Hilo limevuka lote, kwa kuwa nasi tukisema mtu ana tatizo la kunywa, hakuna anayefikiria shabaha.

Majina ya marubani yanavuka nusu. Kapteni anaitwa Oveur na msaidizi Roger, na mazungumzo ya redio yanavurugika kwa sababu "roja" na "ova" ni maneno ya kazi. Yeyote aliyesikiliza redio za polisi au za walinzi wa Dar es Salaam na Nairobi anayajua hayo mawili. Victor, jina la mwongoza njia wao, na "vector", neno la marubani la mwelekeo wa ndege, ndiyo yanabaki ng'ambo.

Kisha linakuja lile maarufu kuliko yote. Ted anamwambia daktari neno la Kiingereza "surely", lenye maana ya "hakika", na neno hilo linasikika kama jina la kike, Shirley. Daktari anajibu kwamba hatanii, na kwamba asimwite Shirley. Kwa miaka mingi tafsiri za manukuu zimeliacha likafa, au zimeeleza. Kichekesho kilichoelezwa ni samaki aliyetolewa majini.

Lakini Kiswahili kina njia yake. Neno letu la "hakika" katika sentensi kama ile ni "bila shaka". Na Shaka ni jina la mtu.

"Bila shaka unatania, Daktari."

"Sitanii. Na Shaka tunaye."

Nimelizungusha jibu hilo kwa namna nyingi. "Na Shaka yuko kiti cha dirishani" linachekesha zaidi likisomwa, lakini ni refu, na mwigizaji atalazimika kulipamba. "Na Shaka tunaye" lina maneno matatu, halina pambo, na linaweza kusemwa na mtu anayewaza mambo mazito. Nielsen husema lake bila kupumua kati ya sentensi mbili. Tafsiri nayo isipumue.

Nawafikiria hapa ma-DJ wa kutafsiri filamu, wa vibanda umiza vya Tanzania na wale wa Kenya kama DJ Afro. Ufundi wao ni kuongeza: filamu ya ngumi inapokuwa kimya, wao wanaijaza kwa majina, matusi matamu na utani wa mtaani. Kwa filamu ya ngumi hilo ni neema. Kwa "Airplane!" litaiua, kwa kanuni ileile ya mbele na nyuma. Msimulizi wa filamu hii angetakiwa asome kama mtangazaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Na wale abiria wawili weusi wanaoongea lugha ya mitaani ya Wamarekani weusi, huku manukuu yakitafsiri kwa Kiingereza safi? Mhudumu hawaelewi. Bibi mmoja mzungu mwenye adabu zake anasimama na kusema kwamba yeye anaijua lugha hiyo, kisha anaizungumza kwa ufasaha. Bibi huyo ni Barbara Billingsley, aliyekuwa mama mstaarabu wa tamthilia ya "Leave It to Beaver". Toleo la Kijerumani liliwapa abiria hao lahaja ya Bavaria. Sisi tuna Sheng, na manukuu ya Kiswahili sanifu chini yake yangetosha kabisa.

## Mpira wa kikapu kijijini

Hapa ndipo mapenzi yangu kwa filamu hii yanapokwama, na sitapita haraka.

Katika kumbukumbu zake, Ted anaeleza jinsi yeye na Elaine walivyojitolea na Peace Corps, shirika la Marekani la wafanyakazi wa kujitolea, katika kijiji cha Afrika cha kubuni. Elaine anawaonyesha akina mama vyombo vya plastiki vya Tupperware. Ted anawafundisha wanaume mpira wa kikapu, na papo hapo wanacheza kama mabingwa.

Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea Peace Corps, mwaka 1961. Waliokuja walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia wa kusaidia kazi ya barabara. Msomaji mwenye kumbukumbu hiyo anaitazama sehemu hii kwa jicho lake mwenyewe.

Kipimo ninachokitumia ni kuuliza, baada ya kicheko, nani amebaki mjinga. Kwenye lugha ya mitaani, mjinga ni yule asiyeelewa lugha ya jirani yake, na mwerevu ni bibi ambaye hakuna aliyemtegemea. Tena Norman Alexander Gibbs na Al White, walioigiza abiria wale, walishiriki kuyatunga maneno yao. Tukio hilo linasimama.

Tupperware pia inasimama. Mjinga pale ni mgeni anayeamini kwamba ameleta ustaarabu ndani ya bakuli lenye kifuniko, kwa watu wenye vyungu, vibuyu na vikapu vya tangu mababu.

Mpira wa kikapu unaanguka. Unategemea imani kwamba mtu mweusi amezaliwa na mpira mkononi, na haumgeuzii kibao mwenye imani hiyo. Wanakijiji hawana neno wala jina. Rumack ana uzito, Kramer, yule mkongwe anayemwelekeza Ted kwa redio, ana uzito, hata mtawa mwenye gita ana uzito, lakini wanakijiji ni mapambo. Yaani filamu imeivunja kanuni yake yenyewe: hapakuwa na uso mkavu wa kulibeba tukio. Maswali machafu ya Kapteni Oveur kwa yule mtoto aliyekuja kutembelea chumba cha marubani nayo yamechacha, na leo yanakera zaidi ya kuchekesha.

Nilijiuliza kama madoa hayo yanatosha kuiweka filamu kando. Jibu langu ni hapana, ila namshauri anayeionyesha kwa vijana asiruke sehemu hizo kwa kimya. Wakizijadili, watajifunza mwelekeo wa kejeli haraka kuliko kwa mhadhara wowote.

## Wengine walipokwama

Mwaka 1982 ilitoka "Airplane II" bila watatu wale. Ilirudia vichekesho vya kwanza ndani ya chombo cha angani, na ndiyo hivyo.

Mwaka huohuo wao wenyewe walipeleka njia yao kwenye televisheni na "Police Squad!", wakiwa na Nielsen. Shirika la ABC liliisitisha, na zilikuwepo sehemu sita tu. Sababu iliyotolewa na mkubwa wa shirika ilikuwa kwamba mtazamaji alilazimika kuitazama ndipo aifurahie. Watu walikuwa wakiacha televisheni iongee huku wakipika, na chupa za mayonezi hazisikiki kwa masikio. Mwaka 1988 tamthilia hiyo ikageuka filamu ya sinema, "The Naked Gun", ukumbini penye giza na macho mbele, ikashinda.

Miaka ya 2000 zikaja "Date Movie", "Epic Movie" na "Disaster Movie". Hizo zilikuwa na orofa ya juu tu. Anaingia mtu aliyevaa kama shujaa wa filamu ya mwaka jana, anaangukiwa na kitu, anatoka. Hakuna saa inayokimbia, wala mtu wa kumwonea huruma. Zilizeeka kabla ya mabango yake kubanduliwa. "Airplane!", kwa upande wake, iliingizwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2010 katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kitaifa.

## Mtu wa teksi

Mwanzoni mwa filamu Ted ni dereva wa teksi. Anafika uwanja wa ndege, abiria anapanda, Ted anawasha mita na kumwambia kwamba anarudi sasa hivi. Anakimbia ndani kumfuata Elaine, anakata tiketi, anapanda ndege.

Abiria yule aliigizwa na Howard Jarvis, mwanaharakati wa California aliyepata umaarufu mwaka 1978 kwa kupigania kupunguzwa kwa kodi ya majengo. Mwaka 1980 Wamarekani walicheka kumwona mtu huyo, kati ya watu wote, akikaa kimya huku deni likipanda. Orofa hiyo ya juu imebomoka. Wengi wetu hatumjui Jarvis.

Majina yote yakishapita kwenye skrini, na watu wameshaanza kuinuka vitini, picha inarudi kwenye teksi. Bado amekaa. Anaitazama saa yake na kusema atampa dakika 20 nyingine, na hapo basi.

Mita inaendelea.